Mtini Wangu Hudondosha Tini Zikiwa Changa: Nipande Aina Gani Iliyo Tamu?

SWALI

Mwandishi wa safu ya bustani, assalaam alaykum.

Mimi ni mama mzaliwa wa Mombasa ninayeishi na familia yangu Houston, katika jimbo la Texas. Naandika kuhusu mti mmoja ulionichosha moyo, nikitumaini kwamba utanisaidia kuamua kabla majira ya kupanda hayajanipita tena.

Nilipokuwa mtoto, marehemu baba alizoea kurudi nyumbani siku za Ramadhani na tini kavu kutoka Uturuki, zilizotungwa kwenye uzi na kubanwa hadi zikawa bapa. Ukizitafuna, vimbegu vyake vilipasuka mdomoni kama ufuta uliokaangwa. Tulipopata nyumba yenye uwanja mdogo nyuma, mume wangu alisema mti wetu wa kwanza uwe mtini, kwa kuwa umetajwa katika Kur'ani, nami nikasema basi uwe ule unaozaa tini za utoto wangu. Katika kuulizauliza niliambiwa kwamba tini za kukausha zinazosifiwa zaidi Marekani ni za aina ya Calimyrna, ambayo asili yake ni hukohuko Uturuki, nikaagiza mche kutoka kwa muuzaji mmoja wa California.

Mti umekua vizuri mno. Una majani mapana, umepita kimo cha mume wangu, na kila mwaka hutoa tini nyingi zenye rangi ya kijani. Lakini zikifika ukubwa wa gololi huanza kunyauka, zinageuka manjano na kudondoka zote, na nikizipasua nakuta ndani pakavu na patupu. Nimetia samadi, nimemwagilia zaidi, nimepunguza maji, nimepuliza dawa niliyopewa dukani, na hali haijabadilika. Sijawahi kula hata tini moja ya mti huu.

Jirani yetu, bibi mtu mzima ambaye kwao ni Louisiana, ana mtini mkubwa kando ya uzio wetu. Tini zake ni ndogo na zina rangi ya shaba. Hunichumia chache kila mwaka, lakini huzichuma zikiwa bado ngumu kwa sababu anawaogopa ndege, na kusema kweli nimeziona hazina ladha yoyote ya maana. Mume wangu naye anasema tini zote ni tini, tung'oe huu wangu tukanunue Brown Turkey, ambayo inauzwa rahisi katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi lililo karibu nasi.

Udongo wetu ni mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka wakati wa jua kali na kunata wakati wa mvua. Nina nafasi ya mti mmoja tu, karibu na ukuta wa matofali unaopata jua tangu asubuhi, na pengine ya chungu kimoja barazani. Naomba uniambie: mti wangu una ugonjwa gani? Na kama ni lazima niuondoe, ni aina gani itakayonipa tini zenye ladha niliyoizoea?

Wako,
Mpenda Tini, Houston

JIBU

Mpenda Tini, wa alaykum salaam.

Mti wako hauna ugonjwa wowote, na hakuna mbolea wala dawa itakayouzuia kudondosha tini zake. Unazidondosha kwa sababu Calimyrna haiwezi kukomaza tunda bila kuchavushwa, na chavua inayoitaka haiwezi kuufikia ukiwa Houston. Muuzaji alikupa mti wa kweli wenye jina la kweli, lakini alikunyima neno moja ambalo lingekuokolea miaka yote hiyo, na kwa maoni yangu muuza miche anayetuma Calimyrna nje ya California bila kusema neno hilo hafanyi biashara ya haki.

Tini tunayoiita tunda kwa hakika ni kifuko kilichojaa maua madogo yaliyoelekea ndani. Mlango wake pekee ni kitundu kilichopo kitakoni mwa tunda, upande usio na kikonyo, ambacho wakulima hukiita jicho. Mitini ya kundi la Smyrna, ambalo Calimyrna ni mojawapo, ina maua ya kike peke yake, kwa hiyo chavua ni lazima itoke kwenye mtini dume, yaani mtini wa mwituni ambao tini zake kwa kawaida haziliwi na ambamo huishi nyigu mdogo sana aitwaye kitaalamu Blastophaga psenes. Nyigu jike anapotoka katika tini dume akiwa amejipaka chavua, hutafuta tini nyingine ya kutagia mayai, na akiikuta ya Calimyrna hujipenyeza katika jicho lake kwa nguvu hata mabawa yakamkatika. Humo hukuta maua asiyoweza kutaga ndani yake, lakini katika kuhangaika kwake huwa ameyachavusha. Tini isiyopata mgeni huyo hunyauka na kuanguka ikiwa na ukubwa wa gololi, sawasawa na ulivyoeleza. Wewe uliyekulia pwani huenda umewahi kupasua kuyu na kuwakuta wadudu ndani yake. Mkuyu ni wa jamii moja na mtini, na ingawa nyigu wake ni wa aina nyingine, mpango wenyewe ni uleule.

Huna haja ya kujilaumu, kwa maana jambo hilihili liliwasumbua wakulima wa California kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1880 waliagiza vipandikizi vya Smyrna kutoka Uturuki, mitini ikastawi na kupendeza, kisha tini zikadondoka mwaka baada ya mwaka, hata wengine wakadhani wametapeliwa na waliowauzia. Mashaka hayo yalikwisha mwaka 1899, wakati nyigu walioletwa kutoka Algeria na Walter Swingle, mtaalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walipofanikiwa kuzaliana katika shamba la George Roeding huko Fresno. Hadi leo wakulima wa Calimyrna huko hutundika mifuko yenye tini dume katikati ya miti yao inapofika Juni, ili nyigu watoke na kuingia katika tini za kuuza.

Najua swali litakalofuata, kwa hiyo nilijibu mapema: usijaribu kuleta nyigu Houston. Ili wapite salama kutoka msimu mmoja hadi mwingine, wanahitaji mitini dume inayobaki na tini mtini wakati wote wa baridi, na baridi kali za Texas, kama ile ya Februari 2021 iliyoua mitini mingi hadi usawa wa ardhi, zingewamaliza. Isitoshe, hata kama wangeishi, Calimyrna ina jicho pana, na jicho pana katika hali ya hewa ya Houston ni balaa, kama nitakavyoeleza.

Hapa inabidi nikupe habari usiyoipenda. Ile ladha ya vimbegu vinavyopasuka mdomoni ni matokeo ya uchavushaji, wala haitokani na aina ya mti peke yake. Tini iliyochavushwa huwa na mbegu kamili zenye kiini na mafuta, na hizo ndizo zinazoipa tini kavu ya Uturuki ladha yake inayokaribia ya njugu. Mitini ya kundi la kawaida, ambayo hukomaza tini bila nyigu, huwa na vimbegu vitupu visivyo na kiini. Kwa hiyo mti wowote utakaoupanda nyuma ya nyumba yako hautazaa tini za utoto wako, na ninakushauri ziendelee kununuliwa dukani kwa ajili ya Ramadhani. Hata kuzikausha ungetaabika, kwa sababu hewa ya Houston ina unyevunyevu mwingi na tini zilizoanikwa nje zingeota ukungu kabla hazijakauka. Mwenye kutaka kukausha huko hutumia mashine ya umeme au jiko la oveni lenye moto mdogo. Lakini tini mbichi iliyoivia mtini ni neema nyingine kabisa, ambayo uzi wa baba haukuweza kuileta Mombasa, kwa kuwa tini iliyoiva vizuri haihimili hata safari ya siku mbili. Hiyo unaweza kuipata.

Wengi wakitaka kuchagua aina huanza na ladha, nao huangukia katika orodha za watu wa California, ambako kiangazi hakina mvua. Huko Black Mission ni tamu sana, na ina sifa zake tangu enzi za wamisionari wa Kifransisko waliompa jina. Lakini Houston hupata mvua majira yote, na mara nyingi mvua hiyo hunyesha wiki zilezile tini zinapoiva. Maji huingia kwenye jicho, na pamoja nayo huingia mbawakawa wadogo waliobeba hamira, tini ikaanza kuchachuka ikingali mtini, ikatoa povu na harufu ya siki. Aina iliyo bora kwa ulimi wa mtu wa Fresno inaweza kukupa siki tupu. Ndiyo maana kwa mtu anayeishi kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko mimi huuliza habari za jicho kwanza, na ladha ndipo ifuate: je, jicho la tini hii limefumba, au limezibwa na kitu, au liko wazi? Ukishaziondoa zenye macho wazi, orodha inayobaki ni fupi, na ndani yake ndimo mnamochaguliwa utamu.

Ladha za tini mbichi, nikizieleza kwa namna itakayokufaa, ziko katika makundi mawili makubwa. Kuna zile zenye nyama ya ndani iliyopauka, yenye rangi ya kahawia hafifu au waridi, ambazo utamu wake ni wa sukari na asali bila ukali wowote. Halafu kuna zile zenye nyama nyekundu iliyokolea, ambazo ndani ya utamu wake mna uchachu kidogo, na ladha yake hukaribia forosadi iliyopikwa jemu. Mtu aliyezoea tende na halua kwa kawaida hupenda kundi la kwanza mara tu anapoonja, ilhali kundi la pili humvutia zaidi yule anayechoka upesi na vitu vitamu mno. Wewe hukusema uko upande gani, lakini aliyelelewa na tini kavu nadhani yuko upande wa asali.

Sasa nirudi kwenye uzio wako. Sijauona mti wa jirani yako, lakini tini ndogo yenye rangi ya shaba, kwa bibi ambaye kwao ni Louisiana, karibu hakika ni Celeste, mtini uliopandwa katika nyua za kusini mwa Marekani kwa vizazi vingi na ambao watu wa huko huuita mtini wa sukari. Ni mojawapo ya aina ambazo wataalamu wa ugani wa Chuo Kikuu cha Texas A&M huzipendekeza kwa jimbo hilo. Jicho lake limefumba kabisa. Unastahimili baridi kuliko mitini mingi, huiva kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Julai, na tini zake ni miongoni mwa tamu zinazoweza kupatikana katika hali ya hewa yenu.

Utasema umezionja na hukuona kitu. Umeonja tini ambazo hazijaiva, Mama, na tini haiendelei kuongeza utamu baada ya kuchumwa kama embe au ndizi. Embe bivu kidogo ukiliweka ndani ya mchele litakamilika lenyewe. Tini iliyochumwa ngumu italainika tu, huku utamu wake ukibaki palepale ulipokuwa siku ya kuchumwa. Sukari nyingi huingia katika siku chache za mwisho, wakati tini inapovimba ghafla, rangi ikageuka, na shingo yake ikalegea hata tunda lililokuwa limesimama likainamia ardhini. Ukiigusa hulegea kama imejaa maji, ganda huanza kupata mistari myembamba ya kupasuka, na ukiikata kikonyo hakitoi utomvu mweupe, au hutoa tone dogo tu. Kikonyo kikimwaga maziwa, umeichuma mapema.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mwombe jirani akuachie tawi moja. Zifunike tini zake kwa wavu mwembamba au kifuko cha kitambaa chepesi kabla hazijaanza kubadilika rangi, kwa sababu ndege wakishazionja ni vigumu kuwakataza, kisha usubiri hadi shingo zilale. Kula hapohapo chini ya mti, asubuhi kabla jua halijazichemsha. Ukiona ni tamu, umeshapata aina yako bila kutoa senti moja: mwombe vipandikizi vitatu vinne vya unene wa penseli mwezi wa Januari, mti ukiwa umepukutisha majani, na kila kimoja kiwe na urefu wa sentimita 20 hivi. Vichomeke kwenye chungu chenye mchanganyiko mwepesi, ukiacha chipukizi moja au mawili juu ya udongo, na uvitunze mahali penye mwanga pasipo na jua kali. Mtini ni mti rahisi sana kuotesha kwa njia hiyo, na naupendelea mche wa jirani kuliko wa dukani kwa sababu umekwisha kuuona mama yake akizaa katika udongo uleule na mvua ileile.

Kuhusu Brown Turkey ya mume wako, tatizo langu la kwanza ni jina lenyewe, ambalo limebandikwa kwenye mitini isiyofanana. Brown Turkey inayopandwa katika mashamba ya California ni nyingine na ile ya mashariki mwa Marekani na Uingereza ni nyingine, na kibao cha dukani mara chache hukuambia umeshika ipi. Ile inayopandwa sana Texas huitwa Texas Everbearing. Hiyo ni mti wa kuaminika: jicho lake limefumba kiasi, tini zake ni kubwa kuliko za Celeste, huzaa kwa muda mrefu, na hata ikiuawa na baridi hadi chini huweza kuzaa mwaka uleule kwenye matawi mapya, jambo ambalo Celeste kwa kawaida hashindani nalo. Ladha yake lakini ni ya wastani, tamu bila kina, na mvua ikizidi hugeuka ya majimaji. Kama mume wako anataka wingi wa tini za kupika jemu, hoja yake ina uzito. Kwamba tini zote ni tini, hapana; mpe Celeste iliyoiva na Brown Turkey ya sanduku la dukani katika sahani moja, kisha umwulize tena.

Zipo aina nyingine mbili za upande wa asali zinazokufaa. Alma ilitolewa na watafiti wa Texas A&M katika miaka ya 1970 kwa kusudi la pwani yenu; tini zake hazipendezi machoni, zina rangi ya kahawia iliyofifia, lakini ni tamu mno, na jicho lake huzibwa na tone la utomvu mzito unaowazuia mbawakawa. Kasoro yake ni kwamba mti mchanga huumizwa sana na baridi, na ingawa ukuta wako wa matofali ungeusaidia, singeuchagua kama mti wa pekee. LSU Purple nayo ilitolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana mwaka 1991, na sifa yake kubwa ni kuvumilia minyoo fundo, wale minyoo wasioonekana kwa macho wanaovimbisha mizizi. Minyoo hiyo husumbua zaidi kwenye udongo wa kichanga, nawe una mfinyanzi, hivyo faida hiyo haikuhusu sana. Tini za LSU Purple mti ukiwa mchanga huwa hazina ladha kubwa, na wengi huukatia tamaa kabla haujafikia umri wa kuzaa tini nzuri.

Kwa upande wa forosadi, aina ninayoipenda mwenyewe ni Violette de Bordeaux, tini ndogo nyeusi ya Kifaransa yenye nyama nyekundu na ladha nzito. Ni mti mfupi unaokubali chungu, na chungu chako cha barazani kingemfaa hasa, kwa kuwa ungeweza kukisogeza chini ya paa mvua inapotishia wiki ya kuiva. Jicho lake halikufumba kama la Celeste, na katika bustani ya Houston lingeruhusu maji. Chungu kiwe cha lita 40 hadi 60, kiwe na matundu ya kutosha chini, na kimwagiliwe kila siku wakati wa joto kali. Kama kazi hiyo ni kubwa, achana nayo bila kujuta.

Shauri langu, basi, ni Celeste karibu na ukuta, kwa sharti kwamba umeionja ikiwa imeiva kweli. Wako watakaokuambia usiung'oe mtini wako bali ubebeshe Celeste juu ya shina lake, ili ufaidi mizizi iliyokwisha kukomaa. Kubebesha mtini si kazi ngumu, na kama ungekuwa mahali pasipo na baridi kali ningekubali. Lakini siku moja baridi kama ya 2021 itarudi, sehemu ya juu itakufa, na machipukizi yatakayotoka chini ya maungio yatakuwa ya Calimyrna tena, ukarudi pale ulipo leo. Mtini uliooteshwa kwa kipandikizi una mizizi yake mwenyewe, na hata ukikatwa na baridi hadi ardhini huchipua ukiwa aina ileile. Ung'oe Calimyrna majira ya baridi ukiwa hauna majani, na uvae glavu na mikono mirefu, kwa sababu utomvu wake huwasha ngozi, na ngozi iliyopata utomvu kisha ikapigwa na jua huweza kutoka malengelenge.

Mti mpya usiupande ndani ya shimo la mfinyanzi lililojazwa mboji peke yake, maana mvua ikinyesha shimo hilo litageuka bakuli la maji. Inua udongo ufanye tuta pana la sentimita 20 hadi 30, changanya mboji na udongo wa hapohapo, na umalize kwa matandazo mazito juu ya mizizi, kwani mizizi ya mtini hutambaa karibu na uso wa ardhi na Celeste ikipata kiu wakati wa joto hudondosha tini zake, safari hii kwa ukame wala si kwa kukosa nyigu. Mwagilia kwa kiwango kisichobadilikabadilika. Kukausha mti kwa wiki mbili na kisha kuufurikisha wakati tini zinavimba huzipasua na kuzipunguzia utamu. Samadi uliyozoea kuitia ipunguze sana: nitrojeni nyingi huleta majani mapana unayoyasifu, na tini chache. Celeste pia usiikate matawi kwa nguvu, kwa kuwa hupunguza uzao wake. Ondoa yaliyokufa na yanayosuguana, basi. Mwishoni mwa kiangazi utaona madoadoa ya kutu kwenye majani, kisha majani yatapukutika. Yakusanye na kuyatupa mbali, wala usihangaike na dawa maadamu tini zimekwisha kuchumwa.

Wasomaji walioko nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ambao huniandikia kuhusu mitini inayokataa kuzaa, nawaomba wamuulize muuza miche swali lilelile kabla ya kulipa: mti huu hukomaza tini bila nyigu? Kama hajui, au anasema mitini yote ni sawa, rudisheni pesa mfukoni.

Ukichukua vipandikizi Januari, vitaota mizizi kabla ya joto kuanza, na unaweza kuvikuza katika vyungu mwaka mzima kisha ukapanda ule ulio bora mwezi wa Machi unaofuata, hatari ya baridi ikiwa imepita. Tini chache za mwanzo hutokea mwaka wa pili au wa tatu, nazo zinaweza kuwa nyepesi kwa ladha kwa sababu mti bado ni mchanga, kwa hiyo usiuhukumu kwa hizo. Katika muda huo zungumza na jirani yako kuhusu wavu mkubwa wa kuufunika mti wake; akiacha kuwahofia ndege, ataacha kuchuma tini ngumu, nanyi mtakula pamoja za mti huo wakati wako ukikua.

Mwandishi wa safu ya bustani